Nzi wawili kwenye lida moja: wafungwe wapi, na lini umwondoe mmoja

Msomaji mmoja anayevua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, anauliza: "Nimevua trauti kwa nzi mmoja kwa misimu miwili, na samaki napata. Msimu huu nimeanza kufunga wawili, mkavu wa kuelea juu na tunutu wa kuzama chini, na tangu hapo nusu ya siku naimaliza nimekaa juu ya jiwe nafumbua nyuzi. Rafiki ninayevua naye hanisaidii, ananikumbusha tu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Naomba kujua: huyu wa pili afungwe wapi hasa, kwa urefu gani, na je, ana faida ya kweli au ni mtindo tu?"

Faida ipo. Na rafiki yako naye hajakosea sana, kwa sababu wengi wanaofunga wawili hawana sababu ya kufanya hivyo zaidi ya kuwa wameona wengine wakifanya. Kabla hujagusa uzi, jiulize: huyu wa pili anakwenda kufanya kazi gani ambayo wa kwanza haiwezi? Ukikosa jibu, mwache ndani ya kisanduku. Ukilipata, mengi ya hayo unayoniuliza yatajijibu yenyewe, maana urefu, uzito na mahali pa kufunga hutegemea kazi.

Kazi ninazozijua mimi ni tatu.

Ya kwanza ni kina. Wadudu anaowala trauti huishi majini wakiwa tunutu na mabuu kwa miezi, wengine mwaka mzima na zaidi, kisha wakipata mabawa huishi siku chache, na wapo wasiomaliza hata siku moja. Kwa hiyo chakula kingi kiko chini karibu wakati wote, na juu kinapatikana kwa vipindi. Mkavu juu na tunutu chini ni njia ya kuuliza ghorofa mbili kwa kurusha mara moja. Hiki ndicho ulichokuwa unakifanya, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ya pili ni uchaguzi. Unajua samaki wako kina gani ila hujui wanataka nini, basi unawapelekea wawili wasiofanana: mmoja mkubwa na mweusi, mwingine mdogo na wa kahawia. Hapa kuna kosa moja ninaloliona sana. Mtu anafunga tunutu wawili wanaokaribia kufanana, mmoja namba 14 na mwingine namba 16 (namba ya ndoana ikipanda, ndoana inakuwa ndogo), rangi ileile, halafu anangoja mto umpe jibu. Jibu la nini? Kama unauliza, uliza kwa sauti, watofautishe kweli.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na ndiyo isiyosemwa sana: nzi mmoja anambeba mwenzake. Jioni samaki wanakula usubi, na usubi wako wa kuvulia ni namba 20, mweusi, usioonekana hata ukitoa macho yote. Mfunge nyuma ya mkavu mwenye bawa jeupe, namba 14, kwa uzi wa sentimita 35 hadi 40. Yule mkubwa huenda asiguswe usiku kucha. Kazi yake ni kukuonyesha mahali. Duara lolote likitokea juu ya maji ndani ya umbali huo kutoka kwenye bawa jeupe, inua ufito taratibu. Chini ya maji ni vivyo hivyo: tunutu mzito anamshusha mwepesi mahali ambapo peke yake asingefika kabla mkondo haujampitisha.

Jambo moja kabla ya mafundo. Soma sheria ya maji unayovua. Sehemu nyingi huruhusu nzi wawili au watatu, nyingine mmoja tu, na nyingine zinadai ndoana isiyo na mwiba, yaani kile kijino cha kuizuia isichomoke. Usibahatishe.

Sasa mahali pa kufunga. Njia inayoelekea ndiyo unayoitumia ni ile wavuvi wengi huiita ya Nyuzilandi: uzi wa pili unafungwa kwenye mkunjo wa ndoana ya nzi wa kwanza. Ni rahisi, haihitaji kifaa, na unaweza kumwondoa wa pili bila kuharibu lida, ule uzi wa mwisho unaounganisha mshipi na nzi. Fundo la kawaida la kuzungusha mara 5 na kurudisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza linatosha. Wengi hulifunga nje, vidoleni au kwenye kalamu, kisha hulivisha mkunjo na kulikaza.

Ina kasoro mbili. Uzi uliofungwa kwenye mkunjo unapita palepale ambapo mdomo wa samaki unatakiwa kufunga, na nimeona trauti wadogo wakimgonga mkavu bila kushikwa kwa sababu hiyo. Kasoro ya pili huwashtua waliohamia ndoana zisizo na mwiba: hakuna kinachozuia fundo lisiteleze. Samaki wa chini akivuta huku nzi wa juu amelala upande, kitanzi huweza kutembea juu ya mkunjo hadi kwenye ncha na kutoka. Unavuta uzi unamkuta mkavu wako mzima, safi, na mwenzake hayupo, na hakuna kilichokatika. Ukikaza vizuri fundo lililoloweshwa, jambo hilo hupungua sana. Ukitaka kuliondoa kabisa, funga uzi wa pili kwenye jicho la ndoana badala ya mkunjo, pamoja na uzi wa juu. Jicho litabanana kidogo, lakini mdomo wa ndoana utabaki wazi.

Njia ya pili ni tawi. Nzi wa juu hakai kwenye njia ya uzi mkuu. Anakaa kwenye kijiuzi kifupi kinachochomoza pembeni, na uzi mkuu unaendelea hadi kwa nzi wa mwisho. Kwa tunutu wawili, au kwa nzi wa kuzama wenye manyoya laini, mimi hutumia hii karibu daima. Nzi aliye kwenye tawi yuko huru, anayumba na maji kama mdudu, na mdomo wa ndoana yake hauzuiwi na kitu.

Tawi linatoka kwenye fundo lenyewe linalounganisha lida na tipeti, kipande cha uzi mwembamba kinachoongezwa mwisho wa lida. Laza mwisho wa lida na mwanzo wa tipeti sambamba, vipishane sentimita 20 hivi. Fanya kitanzi kwa nyuzi zote mbili pamoja, kisha pitisha ndani yake ncha ya lida na tipeti yote nzima, mara 3. Lowesha kwa mate. Usivute haraka: vuta nyuzi zote 4 kwa pamoja, polepole, mpaka uone mizunguko inajipanga na kukaa. Ukisikia kama mkwaruzo vidoleni, umevuta pakavu. Uzi umepata joto na umeshadhoofika. Kata uanze upya. Najua inaudhi, hasa ukiwa na maji magotini na samaki wanaruka mbele yako, lakini fundo lile ndilo litakalombeba samaki wa siku.

Likishakaza utabaki na ncha mbili za ziada. Moja inaelekea juu, kuja kwako, na nyingine inaelekea chini. Ya juu ikate karibu na fundo. Ya chini ndiyo tawi lako. Wengi hukata ovyo, na ndiyo maana matawi yao huachia. Ile inayoelekea chini ni mwisho wa lida yenyewe, uzi ule mnene unaokuja moja kwa moja kutoka mkononi mwako. Samaki akimshika nzi wa tawi anavutana na lida. Ile inayoelekea juu ni mwisho wa tipeti iliyogeuzwa, na samaki akiivuta kwa nguvu analibandua fundo kwa kulipindua.

Tawi liwe na urefu gani? Sentimita 10 hadi 15 baada ya kufunga nzi. Likizidi hapo linajizungusha kwenye uzi mkuu kama mzabibu. Likipungua chini ya 7 au 8, nzi anakakamaa. Anza na 15, kwa sababu kila ukibadilisha nzi unakula sentimita 2 au 3. Uzi mnene kidogo pia husaidia tawi lisimame pembeni. Tawi la uzi mwembamba sana hulala juu ya uzi mkuu na kujisokota, na hapo umerudi juu ya jiwe lako.

Kuna njia ya kati: kipete kidogo cha chuma, kipenyo cha milimita 2 hivi, kinachokaa mwisho wa lida. Lida inafungwa kwenye kipete, tipeti inafungwa kwenye kipete, na tawi pia. Uzuri wake ni kwamba tawi likiisha unafunga jingine bila kugusa chochote. Ubaya wake: kidondoke kwenye nyasi, utakitafuta mpaka jua lizame.

Umbali kati ya nzi ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu hupenda niwape namba moja. Kwa mkavu na tunutu, anza na sentimita 50 na upime kwa maji. Unataka tunutu apite karibu na chini bila kukwama kila mara. Kwenye maji ya kufika gotini, sentimita 40 hadi 50 zinatosha. Kwenye maji ya kiuno utahitaji karibu mita moja, na hapo mkavu na tunutu wanaanza kuwa kero. Boya, au uzi wa kukazwa moja kwa moja kutoka ufito hadi nzi bila boya, vinafaa zaidi. Ukivua kwa boya, wengi huanza kwa kuweka umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwenye boya hadi nzi wa mwisho, kwa sababu uzi haushuki wima; mkondo unaulaza. Kwa tunutu wawili wote chini, acha kama nusu mita kati yao. Wakikaribiana sana, samaki aliyemkamata mmoja huchomwa ubavuni na mwingine, na hilo halipendezi kwako wala kwake. Kwa mkavu na yule anayeibuka, yaani mdudu anayepasua ngozi ya maji ili atoke, sentimita 20 hadi 30 zinatosha, maana wote wako ghorofa moja.

Ishara ya kusoma ni hii: kama kwa kurusha mara 10 tunutu hajagusa chini hata mara moja, ongeza urefu au uzito. Akigusa kila mara, punguza. Wavivu wa kubadilisha, nami nikiwemo siku za baridi, huendelea kurusha wakijiambia labda samaki hawali leo.

Uzito una mantiki yake, na hutoka kwenye shanga ya chuma iliyo kichwani mwa tunutu. Tangsteni ina uzito zaidi ya mara mbili ya shaba ya njano kwa ujazo uleule, kwa hiyo shanga ndogo ya tangsteni hushusha nzi kama shanga kubwa ya shaba. Mkavu wa namba 12 mwenye manyoya ya kutosha anambeba tunutu mwenye shanga ya tangsteni ya milimita 2 au 2.5 bila shida. Mpe shanga ya 3.5 naye atazama dakika ya kwanza, utakaa unapaka mafuta na kupuliza mpaka mdomo ukauke. Ukiona mkavu wako anazama hata bila samaki, usimlaumu yeye. Mpunguzie mzigo.

Kwa tunutu wawili, mzito akae wapi? Akikaa mwisho, uzi wote unanyooka kati yake na ufito, unahisi kila kitu, na yule mwepesi wa tawi anapita juu kidogo ya mawe. Akikaa kwenye tawi, kama walivyofanya Wapolandi na Wacheki walipoifanya mbinu ya tunutu wazito ijulikane duniani miaka ya 1980, yule mwepesi wa mwisho anabaki nyuma akipepea kama mdudu aliyeng'olewa kwenye jiwe. Mimi humweka mzito mwisho kwenye maji ya mwendo wa wastani, kwa sababu hunasana kidogo wakati wa kurusha. Kwenye maji ya kasi yenye mashimo humweka juu. Huenda mwingine akakuambia kinyume na akapata samaki kuliko mimi. Uskoti kwenye maziwa wamevua kwa nzi 3 na 4 kwa vizazi vingi, yule wa juu kabisa akichezeshwa usoni mwa maji boti likisukumwa na upepo, na hesabu yao ya umbali ni tofauti kabisa na ya mtoni.

Unene wa nyuzi ndio kinga yako, na hapa naomba uniruhusu kisa cha aibu. Zamani nilifunga nzi wawili kwa uzi wa unene mmoja, juu na chini, kwa kuwa nilikuwa na kigurudumu kimoja tu cha uzi mfukoni. Trauti mzuri akamchukua mkavu, akakimbia chini ya mzizi uliozama. Tunutu aliyekuwa ananing'inia chini yake akaudaka mzizi. Samaki akabaki amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi, huku mdomoni ana nzi na mzizi una mwenzake, na mimi nimesimama sina la kuvuta. Uzi ukakatikia juu ya mkavu. Niliondoka bila samaki na bila nzi hata mmoja.

Kama uzi wa chini ungekuwa mwembamba kidogo, ungekatika wenyewe kwenye mzizi na samaki angebaki wangu. Tangu siku hiyo kila kipande cha chini nakifanya chembamba kuliko cha juu yake: kama lida inaishia kwa 4X, ambayo ni milimita 0.18, kipande cha kwenda kwa nzi wa pili kiwe 5X, milimita 0.15. Ukikwama chini, na utakwama, unapoteza nzi mmoja badala ya mtambo mzima. Na kama una nyuzi za aina mbili, tumia nailoni kwenda kwa mkavu na flurokaboni kwenda kwa tunutu. Flurokaboni ni nzito kuliko nailoni na huzama upesi; chini hilo ni msaada, juu humvuta mkavu azame.

Tufike kwenye jiwe lako. Wanaonasana wanadhani kosa liko kwenye fundo au urefu. Mara nyingi kosa liko mkononi. Nzi mmoja anasamehe kurusha kwa haraka, wawili hawasamehi. Ukirudisha ufito mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma, nzi wa mwisho bado anakuja huku wa kwanza ameshageuka, wanakutana njiani na wanasalimiana kwa kukumbatiana. Subiri zaidi ya unavyodhani inatosha. Kisha panua kitanzi cha mshipi hewani: badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, rudisha ufito kwa upande, chini kidogo, uupeleke mbele kwa juu, kama unachora yai. Mshipi haukai bila mvutano hata mara moja, na nzi wanafuatana badala ya kugongana.

Punguza pia kupepea hewani. Mtu anapeleka mbele na nyuma mara 5 ili apate mita 2 za ziada. Kila mpeperusho ni nafasi nyingine ya kunasana. Mtoni, mara nyingi sirushi hewani kabisa. Naacha nzi wafike mwisho wa mkondo chini yangu mpaka maji yaunyooshe uzi, kisha kwa mvutano huohuo wa maji naugeuza ufito juu na kuwatupa tena upande wa juu, kwa mwendo mmoja. Haipendezi kuitazama. Kwa siku nzima ya uvuvi huenda nikafumbua fundo mara 2.

Na kuna tabia moja ya kujifunza: kitu kikienda vibaya, simamisha. Mshipi ukitua kwa mrundo, au ukihisi nzi wamegusana hewani, usirushe tena "uone kama utajinyoosha." Hautajinyoosha. Fundo linaloweza kufumbuliwa kwa sekunde 10 linageuka kuwa kiota cha ndege kwa mirusho 3 zaidi. Lete nzi mkononi, tazama. Kama limeshakuwa kiota, usikae nalo zaidi ya dakika 2: mkate nzi wa mwisho, ule uzi ulio huru utapita na kutoka wenyewe, kisha mfunge tena. Watu hukataa kukata kwa sababu ya ubahili wa uzi, wakati ule mshipi uliojisokota umeshapata vikunyanzi na haufai hata ukifumbuliwa.

Kuna chanzo kingine cha kujisokota ambacho hakitokani na kurusha: nzi anayezunguka. Mwenye mabawa mapana yaliyokaa upande, au aliyefungwa vibaya, huzunguka hewani kama pia na kuusokota uzi wote. Ukimning'iniza nzi ukaona uzi unajifungua kwa kuzunguka, umempata mkosaji.

Samaki akishika, jua yuko kwa nani. Akiwa kwa wa mwisho, kazi ni ya kawaida, ila wa juu anakaribia ncha ya ufito kabla samaki hajafika kwenye wavu. Usizungushe mshipi mpaka nzi huyo aingie kwenye pete ya ncha, atakwama hapo na samaki akikimbia tena hakuna pa kumwachia. Akiwa kwa wa juu, kumbuka kuna ndoana huru inayoburuta nyuma yake, inatafuta mzizi, wavu, au kidole chako. Mimi humwingiza samaki kwenye wavu, kisha kabla ya kitu kingine namshika nzi yule huru kwa kidole na gumba na kumchoma kwenye mpini wa kizibo wa ufito. Wavu wa mpira hauwanasi sana kama ule wa nyuzi. Na vaa miwani, hata mawingu yakiwa mazito. Wawili hewani ni ndoana mbili, na moja yao huwa hujui iko wapi.

Sasa lini umwondoe. Samaki wakiwa wanainuka waziwazi na umemchagua mmoja, vua kwa mkavu peke yake. Tunutu anayeburuta chini atamvuta mkavu wako nje ya mwendo wa maji, kwa sababu mkondo wa chini ni wa polepole kuliko wa juu, na trauti anayekula juu anaona mwendo huo usio wa kawaida. Kijito chembamba chenye matawi yaliyoinama: mmoja. Upepo mkali unaokuja usoni: mmoja. Maji yenye majani mengi yanayoelea: mmoja, la sivyo utavua saladi. Giza linapoingia, pia mmoja, isipokuwa ile kazi ya usubi niliyoitaja.

Na kuna wakati wa kumwondoa kwa sababu amekujibu. Samaki 4 wameshikwa, wote kwa tunutu, mkavu hajaguswa hata mara moja. Wengi huwaacha wote wawili kwa kuwa "inafanya kazi." Mimi ningefanya moja kati ya mawili: nimtoe mkavu niweke boya dogo na kushusha tunutu vizuri zaidi, au nimwache na kubadilisha mmoja tu kati yao ili niendelee kuuliza. Usibadilishe wote wawili kwa wakati mmoja. Samaki wa tano hutajua alikuja kwa ajili ya nini.

Ukienda tena, jaribu hivi kwa asubuhi nzima bila kubadilisha kitu. Lida ya mita 2.7 inayoishia kwa 4X. Mkavu wa namba 12 anayeelea vizuri. Kwenye jicho lake, si kwenye mkunjo, funga sentimita 50 za 5X, na mwisho wake tunutu wa namba 16 mwenye shanga ya tangsteni ya milimita 2.5. Vua karibu, mita 7 au 8 za mshipi tu, ukichora yai na kusubiri nyuma. Chukua kipande cha sponji ngumu cha ukubwa wa kiganja, ukate mapengo madogo pembeni. Jioni mchome mkavu upande mmoja, uzungushe uzi, umchome tunutu upande wa pili, nao watakaa hapo bila kujisokota mpaka safari inayofuata.